Makopo Sita ya Upendeleo

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Mafundi Cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na watoto. Mnaendeleaje? Yale magoti yako yamepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Sisi huku ni wazima, ila mimi nimenenepa na sitaki maoni ya mtu.

Kabla hujaendelea kusoma, inuka ukalichukue lile kopo la losheni nililokutumia kwa mkono wa jirani yetu muuguzi, ulitupe. Usimgawie mtu, usipake hata visigino. Ukirudi kukaa nitakueleza, na tafadhali usinicheke.

Unajua mwanao Kipimo, jina ulilompa mwenyewe alipokuwa akipima sukari ya chai kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, amemaliza masomo ya kemia. Amefungua karakana ya losheni katika kile chumba cha nyuma tulichokuwa tukirundika magodoro mabovu. Ungekiona sasa usingekijua. Kuta nyeupe, meza ya bati, mizani ndogo ya kupimia hata matone, na huingii bila kufunika nywele. Mimi mama yake nilirudishwa mlangoni mara mbili kwa sababu ya bangili. Niliona fahari mpaka nikasahau kununa.

Kazi yangu ilikuwa kukoroga. Mafuta ya alizeti, nta ya nyuki, utomvu wa alovera, vyote nilivijua zamani. Kilichonikera ni kichupa kimoja cha dawa ya maabara ya kuzuia kuoza, ambayo Kipimo huidondosha kwenye losheni ikishapoa. Tulibishana sana. Mimi nilishikilia kwamba ngozi haitaki kemikali, inataka vitu vya asili. Yeye akasema, "Mama, humu kuna maji. Na ukungu nao ni wa asili."

Nikamwona mtoto ana maneno mengi. Basi nikafanya ujanja wa kizee: kabla hajatia matone yake, nikateka losheni ya makopo sita, nikayaficha kabatini kwa ajili ya ndugu. Wateja wapake hiyo dawa yao, damu yangu ipate kilicho safi. Kopo lako ndilo nililolijaza kwanza.

Wiki tano baadaye wifi yetu akaja amejitanda mtandio shingoni na joto lote lile. Alipoufungua, shingo nzima ilikuwa vipele vyekundu. Kipimo akaomba kopo. Ndani ya kifuniko kulikuwa na madoa ya kijivu, na harufu ya tambara lililolowa siku tatu.

Sasa sikia alivyofanya mwanao. Asubuhi ileile mwenye duka la dawa la barabara kuu alikuwa amekuja kuchukua mzigo wake wa kwanza, katoni zimeshafungwa. Kipimo hakujua siri yangu. Alidhani mchanganyiko wake ndio umeharibika. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akasimama mbele ya yule mzee, akamwambia, "Samahani, mzigo hautoki. Kuna mtu ameumia na sijajua kwa nini." Kisha akabandika tangazo mlangoni, akaanza kuwapigia simu wateja mmoja mmoja. Hakuficha neno.

Mimi nilikuwa palepale, mwiko mkononi. Mdogo wangu, mengi naweza kuyavumilia, lakini si kumwona akijishtaki kwa kosa langu. Nikasema yote, wifi akisikia na mwenye duka akisikia. Aibu niliyoipata siku hiyo sitaki kuikumbuka.

Hakunifokea. Wala hakuuachia mzigo papo hapo. Alipeleka sampuli zikapimwe, na yule mzee akakubali kusubiri siku kumi. Majibu yalirudi safi, katoni zikaenda. Lakini siku ile ile ya aibu alinifungua aproni taratibu, akasema, "Mama, kukoroga basi. Na wote sita utawaambia wewe mwenyewe." Watano wameshajua, nimewaeleza ana kwa ana, na shingo ya wifi imepona. Umebaki wewe. Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka kukupendelea nikakuponza.

Ndiyo hivyo, nimefukuzwa kazi na mtoto niliyemzaa, na barabarani natembea kifua mbele. Sasa nahudumia wateja pale mlangoni. Ile karatasi ya zamani ya kubandika kwenye makopo, niliyoing'ang'ania mimi, iliyoandikwa "Asili Tupu", ameiondoa. Mpya inataja kila kilichomo, hadi ile dawa, na ninaibandika kwa mkono wangu.

Juzi mteja mmoja alilizungusha kopo weee, mwisho akaniuliza, "Mama, niambie ukweli, hii ni ya asili au ya kemikali?"

Nikamjibu, "Mengine yametoka shambani, mengine maabara, na yote amepima mwanangu."

Nisalimie shemeji, na wanangu wote wawili, hasa yule mbishi. Wifi anakusalimu, na Kipimo anamwamkia mama yake mdogo. Mungu awalinde na awape afya, mwende na kurudi salama.

Ni mimi dada yako mkubwa,
nikupendaye siku zote.