Kitenge ya Dirisha

Mujukuu wangu Odette, uko muzima kule Lubumbashi? Huku Likasi tuko bien, mama yako anakusalimia. Unaniuliza namna ya kushona rido nzuri ya dirisha bila feza mingi.

Nikiwa kijana, siku moja nilitoka soko ya Kikula nikakuta kambo, mama ya baba yangu, anakata kitenge mupya ya maua mekundu, ile aliyotuagiza tumuzike nayo. Nilipiga kelele: "Kambo! Iyo si ya kaburi yako?"

Makasi yake ya kukata haikusimama. "Kule chini hakuna dirisha, mutoto."

Majirani walipoona ile kitenge ya kaburi imekuwa rido, walishika midomo. Minye, nikikumbuka ile rido, ninafurahi mpaka leo.

Odette, mbele ya kwenda soko, fungua sanduku yako, utoe kitenge yenye unachunga. Kambo alipokufa, tulishusha rido yake tukamufunika nayo. Jua ilikuwa imekula maua yote.

Ni minye, kambo yako