Yai Lako Bado Lipo Kiotani

Chumba Namba 14,
Bweni la Wasichana,
Chuo Kikuu cha Ufundi.
9 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo umeanza kukuheshimu. Mkaza mjomba hajambo? Na mapacha, wameacha kufungua kila redio wanayoiona? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza ipo palepale.

Mjomba, namaliza! Mahafali ni tarehe kumi na nne Novemba. Nilipokupigia simu ulisema mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hana uso wa kwenda kukaa kwenye mahafali ya chuo hichohicho. Sikujibu kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Sasa najibu, na barua huwezi kuikata.

Unayakumbuka mayai ya chuma? Desturi ni ileile. Wa mwaka wa kwanza anapewa kipande cha chuma na tupa, basi, asugue kwa mkono mpaka kiwe mraba pande zote sita. Yai likipita ukaguzi, karakana nzima inagonga meza na kupiga kelele, "Ametaga!" Yai linapigwa chapa na kuwekwa kiotani, lile kabati la vioo karibu na mlango, mpaka asubuhi ya mahafali mwenyewe alichukue.

Langu lilinitoa jasho wiki tatu. Mwalimu wa karakana, tunayemwita Mzee Milimita, analiwekea skwea ya kupimia pembe, analiinua dirishani, akiona mwanga unapenya anakurudishia bila neno. Mimi alinirudisha mara nne. Wavulana wa meza yetu wakaanza kuniuliza kama natengeneza yai au punje ya mchele. Ndipo nikakumbuka ulichonifundisha uani nikiwa na miaka tisa, kwamba tupa haikandamizwi inaporudi. Mara ya tano mwanga haukupenya. Waligonga meza mpaka kopo la misumari likaanguka! Nilitembea kifua mbele wiki nzima, na sioni haya kusema.

Sasa sikiliza. Jumanne iliyopita nilikuwa zamu ya kufuta vumbi kiotani. Rafu ya chini kabisa, nyuma, nikakuta yai lenye herufi zako mbili na mwaka wako. Nilikaa sakafuni nikalishika tu. Mzee Milimita akaja, nikamwambia ni la mjomba wangu.

"Yule mwembamba, anaimba huku anasugua?"

"Siku hizi mnene, ila kuimba anaimba."

Akacheka sana. Kumbe enzi zako alikuwa msaidizi hapo. "Huyo tulimrudisha mara sita," akasema. Mara sita, Mjomba! Na miaka yote unatuambia ulitaga siku ya kwanza. Mama nimeshamwambia, kwa hiyo jiandae.

Nikaomba nikuletee. Akakataa katakata: yai halichukuliwi kwa niaba. Nikamweleza kwamba hukumaliza, kwamba babu alipofariki ulitoka ukaenda kazini ili mama na mama mdogo wabaki shule. Alilirudisha yai lako rafuni. Kisha akasema, "Chuo hakumaliza, yai alimaliza. Mwambie aje apange foleni nyuma yako."

Mjomba, naionea fahari shahada yangu, lakini wewe nakuonea fahari zaidi. Mama alisoma kwa sababu yako, na mimi nimesoma kwa sababu ya mama. Kwa hiyo nimeamua, na unajua kichwa changu kilivyo kigumu: usipokuja, na langu nitaliacha palepale, yakae pamoja.

Jambo moja nilisahau. Kila likizo Mzee Milimita huyatoa mayai ambayo hayajachukuliwa, akayapaka mafuta moja moja. Ni miaka ishirini na sita sasa. Lako halina kutu hata chembe.

Nisalimie mkaza mjomba, na mapacha uwavute masikio kwa niaba yangu. Bibi na mama mdogo wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, maana safari ipo.

Mpwa wako akupendaye, anayekushikia nafasi kwenye foleni,
Msumeno