Kisu cha Mkono wa Kushoto

Shuleni, Nakuru
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, maana najua baridi ya Molo inavyouma jeraha. Mkono wa kulia unaendeleaje? Vidole bado havihisi kitu? Na Mama, kifua chake kimepoa? Mimi ni mzima, nakula na nasoma.

Jana Mjomba alinichukua tukanunue kisu kama ulivyomwagiza. Njiani aliniambia mambo ambayo wewe hukuniandikia: kwamba nyapara atakungoja mpaka mvua ndefu tu. Kwato za kondoo zikianza kuoza na wewe huwezi kuzichonga, kundi atapewa mtu mwingine, nasi tutatoka katika nyumba ile ya shamba. Baba, tangu hapo nafungua kitabu nasoma ukurasa mzima, nikifika chini sijui nimesoma nini.

Tuliingia katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Aliposikia neno kisu alinitazama, kisha akamtazama Mjomba.

"Kisu ya kukunja tu," akasema. "Ile ingine mimi hapana weka. Askari nasumbua."

Mjomba akamwambia kwamba hata shambani kwetu Bwana mwenye shamba haruhusu kisu kisichokunjika tangu Hali ya Hatari ianze. Ndipo akatutolea viwili. Kimoja kilikuwa chepesi, kina mpini mwekundu unaong'aa. Kingine kina mpini wa pembe na springi ngumu sana.

Nilificha mkono wa kulia ndani ya sweta, nikajaribu kufungua kwa wa kushoto peke yake. Sikujua, Baba, kwamba ule mkato mdogo wa kutilia ukucha huwekwa upande wa watu wa mkono wa kulia. Nikatumia meno. Mpishi mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa akasema, "Kumbe shule za siku hizi zinafundisha watoto kula chuma."

"Hapana uma kisu yangu, mama," Mhindi akasema. "Nunua kwanza."

Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Lakini kile chepesi kilifunguka, na kile kigumu hakikufunguka kabisa.

"Basi tuchukue chepesi," Mjomba akasema. "Shemeji atakifungua mwenyewe."

Nikaomba kipande cha ubao wa sanduku, nikakichonga kama unavyochonga ukwato, nikisukuma mbali na mwili. Ncha ilikwama. Nilipoivuta, kisu kilijikunja kikanikata kidole. Ni kidonda kidogo, usiwe na wasiwasi. Lakini nilifikiria ukwato ulivyo mgumu kuliko ule ubao, na kwamba umebakiwa na mkono mmoja. Nikakifungua kile cha pembe kwa mikono miwili, nikafanya vile vile, nacho hakikutikisika.

Nikasema nataka kigumu. Mjomba hakupenda.

"Na nani atamfungulia? Mama yako? Mwanamume mzima afunguliwe kisu kama mtoto anayemenyewa chungwa?"

"Mjomba, nyapara alisemaje juu ya hilo?"

"Alisema kondoo akitembea vizuri, yeye hana neno."

"Basi."

"Basi wewe ndiye utakayemwandikia. Mimi simo."

Kwa hiyo nakuandikia. Bwenini nimejaribu njia zote, nikitumia mto badala ya kondoo, na wasichana wenzangu wanafikiri nimeshikwa na homa. Kisu ukikibana magotini kinafunguka kwa mkono wa kushoto. Lakini ukishamkalisha kondoo, magoti yanamshika yeye, na mkono wa kulia umemkumbatia. Na huwezi kumkamata kondoo ukiwa na kisu wazi mkononi. Lazima mtu asimame karibu, akupe kisu kikiwa kimefunguliwa na akipokee ukimaliza mguu wa mwisho.

Baba, nakuomba mtu huyo awe Mama. Najua haijawahi kuonekana kwetu mwanamke akisimama bomani mume wake akifanya kazi ya kondoo. Najua wachungaji wengine watasema, na wewe utawasikia. Lakini kile cha mpini mwekundu kingekuacha ufanye kazi peke yako mpaka siku ambayo kingekukata, na baada ya hapo ungeshika nini? Mwalimu wetu anasema nisiandike jambo kwa mkubwa bila kulifikiria mara mbili. Hili nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Mjomba atakuja nacho siku yake ya mapumziko. Wakikuuliza kwa nini huwezi kukifungua mwenyewe, waambie ulimtuma binti yako mjini, naye hajui visu, akaleta kibaya. Wanicheke mimi. Niko mbali, siwezi kuwasikia.

Msalimie Nyanya, aliyenisuka siku ya kuja huku, na Kipkorir mdogo wangu, na jirani yetu Mama Chebet anayewakamulia ng'ombe tangu uumie. Mama msalimie kwa namna yake: mpe kisu akifungue mara moja mbele yako, uone kama mikono yake inakiweza. Nafikiri inakiweza.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Rael Chelangat