Kwa Papa Twagirimana, Aliyechora Njia ya Kalengera Ukutani

Mwaka mmoja umetimia, Papa, tangu utuache mchana ule wa Januari, ndani ya chumba cha mjukuu wako Umuhoza, sisi wengine tukiwa tumelala chini kwa sababu ya risasi. Brashi ilikuwa bado mkononi mwako.

Mtaani Majengo walikujua kwa vibao. Saluni, duka la dawa, mgahawa, vyote ulivichora wewe. Kuku uliowachora walinona kuliko kuku wowote wa sokoni, lakini watu wako wote walitia mikono mfukoni, maana vidole vilikushinda. Tulikucheka, nawe ukajibu kwamba mtu mwenye heshima hapungi mikono ovyo.

Mimi binti yako, Mukashyaka, ulinichorea twiga kwenye ukuta wa saruji nilipokuwa mdogo. Mwaka 2002 mlima ukatema moto, na twiga wangu yuko chini ya moto huo ulioganda kuwa jiwe hadi leo. Tangu hapo ulijenga kwa mbao tu, na kila msumari uliuacha kichwa nje, ili ung'oke upesi siku ya kukimbia. Jirani alikuuliza kama nyundo imekuchosha. Ulimwambia, "Mutu wa Goma hapigake musumari mpaka mwisho."

Kisha vita vikafunga njia ya Rutshuru. Waliokimbia walijaa kwenye hema za Kanyaruchinya, na sisi tukabaki mjini, mbele askari, nyuma ziwa. Mama Angèle, mke wako, amelala Kalengera, kwenye njia hiyo hiyo, na ulituomba jambo moja tu: ukifa, tukuzike kando yake. Tuliitikia kila mara, tukijua njia haipitiki. Jambo hilo lilituuma sana, ila hatukukuonyesha.

Umuhoza, aliyezoea kukuita Sogokuru, yaani babu, hakuwahi kuiona Kalengera. Alipouliza ikoje, ulichukua ukuta wa chumba chake, mbao kumi na mbili kutoka sakafuni hadi darini, ukaziandika namba kwa nyuma, ukaanza kumchorea njia. Ubao wa kwanza ulikuwa mlango wetu. Zikafuata Kanyaruchinya isiyo na hema hata moja, Kibumba na kabichi zake, ng'ombe wanaotabasamu, pikipiki iliyobeba mikungu ya ndizi. Ulichora polepole mno. Tulikutania kwamba mwenye pikipiki anafika kwa saa mbili, na wewe una miaka miwili njiani.

Januari vita vikaingia mjini. Siku tatu hatukutoka nje. Maji yaliisha, kisha dawa zako za presha. Mwanao Habumugisha alifika getini mara mbili akitaka kwenda kuzitafuta, na mara mbili ulimrudisha kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu utotoni. Ulikuwa umebakiza ubao wa kumi na mbili. Ulichora nyumba ya Kalengera, ukamchora Mama amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza ukachora mikono, ameiinua kutupokea. Umuhoza alihesabu vidole, akakuta kumi.

Uliomba brashi nyembamba umalizie paa. Kabla hatujakupa, ulimi wako ukawa mzito, kichwa kikaanguka begani, na baada ya muda mfupi ukawa umekwenda. Tulikuwa na hasira, Papa, na bado tunayo. Hospitali iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na hatukuweza kukufikisha.

Risasi zilipotulia, hapakuwa na seremala aliyefungua, na jeneza halikupatikana popote. Kalengera ndiko hatungefika kabisa. Sote tuliutazama ukuta na hakuna aliyethubutu kuutaja. Mwishowe tulimwuliza Umuhoza kama tungekuundia jeneza kwa mbao zile, kwa sababu ukuta ulikuwa wake.

"Mugeuze picha ndani," akasema, "Sogokuru aone njia."

Misumari ilitoka kwa urahisi, kama ulivyokusudia. Lakini Habumugisha, kwa haraka na machozi, alizichanganya namba. Ng'ombe wako mmoja kichwa chake kiko miguuni pako na mkia uko begani, na pikipiki inarudi Goma. Utusamehe. Tulitaka ufike moja kwa moja, tukakupitisha njia za kuzunguka, kama watu wote wa siku zile. Tulikuzika hapa hapa, katika jiwe la mlima, baada ya kulipiga sururu tangu asubuhi.

Ubao wa kumi na mbili haukuingia, kwa kuwa rangi yake ilikuwa mbichi. Mwaka mzima umesimama kando ya kitanda cha Umuhoza, mbele ya turubai iliyoziba ukuta. Sasa njia inapitika, na wewe ndiye uliyebaki umefungiwa Goma. Kukuvunjia jiwe lile mara ya pili hatuna moyo. Basi Jumamosi hii tunaupeleka ubao wako Kalengera, tuupigilie kwenye msalaba wa Mama.

Tunaokukumbuka ni mimi Mukashyaka, kaka yangu Habumugisha na mkewe Julie, dada yako Marie-Louise, majirani wa Majengo, na Umuhoza wako, ambaye ameomba ashike nyundo yeye. Anasema huko msumari atautia mpaka mwisho.

Hatutakusahau, Papa, siku zote za maisha yetu.