Udongo wa Chini ya Nyumba Yetu

Mpendwa Mama Mwende,

Nakusalimu wewe na watoto, na natumaini barua hii itawakuta na nguvu za palizi, maana nasikia mvua imefika Katangi vizuri. Je, kikohozi cha Kioko kimeisha? Na Mama anameza dawa ya miguu au ameanza tena kuificha chini ya mto? Mimi mwili uko sawa. Roho ndiyo haiko sawa, ndiyo maana leo nimejaza kurasa mbili badala ya ile nusu unayonilaumu kila mara.

Barua iliyopita nilikuambia nyumba imekamilika, nimeipokea, na umwambie mwalimu mkuu kwamba Januari watoto watahamia huku Athi River. Sikukuambia niliipokea vipi. Siku hiyo kampuni iliyotujengea ilituita wanunuzi wa safu yetu yote, nyumba ishirini zinazofanana kama mayai. Kijana wa ofisi alinipa fomu, akasema nikague kwanza. Unanijua. Mtu wa kiwanda cha simiti miaka tisa, nani atanifundisha ukuta? Nikagonga kila chumba kwa vidole, nikakwaruza plasta kwa ufunguo, nikamweleza kijana jinsi mchanganyiko ulivyo mzuri. Akaniita injinia. Nikavimba kichwa, nikatia sahihi kwamba nyumba haina kasoro.

Halafu mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano mlango wa jikoni ulikataa kufungika. Ijumaa nikaona ufa umeanzia dirishani ukashuka hadi chini, na leo kidole changu kidogo kinaingia. Chumba cha watoto ndicho kilichonitia hofu zaidi. Niliweka betri ya redio katikati ya sakafu, ikabingirika yenyewe mpaka ukutani. Sakafu imeinuka, Mama Mwende. Simiti haina kosa lolote, ni nzuri kama nilivyosema. Ardhi iliyo chini yake ndiyo inayotembea.

Nilienda ofisini na jirani yangu Otieno, dereva wa lori, ambaye ukuta wake umepasuka kuliko wangu. Meneja alitupokea vizuri, akatuagizia chai, akasema nyumba mpya lazima itulie kwanza, nyufa kidogo ni kawaida. Nilipomwambia habari ya sakafu alivuta faili yangu taratibu.

"Mzee, si wewe ulikagua mwenyewe ukasaini?"

Akatoa karatasi nyingine. Watajaza nyufa na kupaka rangi upya, nasi tutaandika kwamba hatutalalamika tena. Shuleni tulifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawa wanataka kuziba ufa huku ukuta ukiendelea na safari yake. Asiyetaka arudishe funguo, madai ya pesa zake yaende kwa mawakili, na hakuna anayejua yataisha lini. Mwisho ni Jumatatu. Otieno alisaini pale pale. Mke wake ni mja mzito na wamechoka na chumba kimoja cha kukodi. Siwezi kumlaumu.

Nitakuambia ukweli, na mimi mkono wangu unataka kusaini. Nimechoka kuwa baba wa likizo. Pasaka Kioko aliniuliza nitarudi kwangu lini, nami nikacheka mbele yenu, lakini usingizi sikuupata. Kila nikifikiria Jumatatu nawaona wote watatu mezani, nasahau ufa. Kisha nakumbuka chumba cha watoto, na kitanda cha Mwende kitakapokaa, chini ya ukuta ule ule.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukuomba msamaha. Ulipokuja Agosti, wenzetu wote walikuwa wakishangaa vigae vya bafu katika ile nyumba ya maonyesho, wewe ukatoka nje ukainama, ukachukua bonge la udongo mweusi uliopasuka kwa jua. Ulimwambia yule muuzaji, "Huu udongo ukinywa maji huinuka. Huko kwetu bondeni hata choo hatuchimbi kwenye udongo huu." Watu wakacheka. Nami nikakwambia kwa Kikamba unyamaze, usiniaibishe, hapa si shambani. Ulinyamaza mpaka Katangi. Niliona aibu kwa sababu ya viatu vyako vyenye vumbi la shamba, na wewe peke yako ndiye uliyeikagua nyumba ile.

Msalimie Mama, umwambie dawa ni ya kumeza. Msalimie kaka yako fundi baiskeli, na katekista wetu ambaye amekuwa akituombea kwa ajili ya nyumba hii, asiache. Mwalimu mkuu mwambie watoto hawahami kwanza.

Nimemkabidhi barua hii mwenzangu wa zamu anayekuja huko kesho. Njoo Jumamosi, watoto uwaache kwa Mama. Meneja atakuwepo na wanunuzi wote, na nimemlazimisha akubali tuchimbe kando ya msingi mbele ya macho yetu. Tazama kitakachotoka, kisha useme kwa sauti, wote wasikie. Ukisema watoto wetu wasilale hapo, Jumatatu narudisha funguo, hata ikiwa ni miaka tisa mingine ya kuishi mbali nanyi. Mara hii nitakayenyamaza ni mimi.

Ni mimi mume wako,
Baba Mwende