Sauti Isiyovuta Pumzi

Makole, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Mimi mwili ni mzima, ila vumbi la hapa limenikausha midomo, na moyo haujatulia. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu.

Unakumbuka ile kazi ya kusoma kwa sauti? Wiki mbili nilisoma sentensi ndani ya chumba kilichozungushiwa magodoro, ili mashine ya ushauri wa afya iongee kwa sauti yangu. Mtu anapiga simu, mashine inatunga jibu yenyewe, mimi nalisema bila kuwepo. Nilijivuna, mwenyewe unanijua.

Basi Mzee Ndahani wa Chamwino alichomwa na mwiba jichoni akijenga ua wa zizi lake. Jicho la pili lilishazibwa zamani na mtoto wa jicho. Akapiga ile namba. Sauti yangu ikamwambia aoshe kwa maji ya chumvi na asubiri, hospitali hakuna haraka. Alisubiri siku tisa. Sasa haoni kabisa.

Amewashtaki waliotengeneza mashine, na juzi nikaitwa kutoa ushahidi. Wakili wao alisema wao wanatengeneza chombo tu, maneno kinajitungia chenyewe. Kisha akafungulia rekodi. Mzee, akiwa ameshapofuka, aliipigia tena kulalamika. Nikajisikia nikimjibu, "Nisamehe, baba. Kosa ni langu." Polepole, kwa huruma, kama ninavyoongea na wewe. Watu wote wakanigeukia. Kwa kitambo niliamini kweli nilisema.

"Kampuni haijakiri popote," wakili akasema. "Kama kuna aliyekiri, ni mwenye sauti. Shahidi, hii ni sauti yako?"

"Sauti ni yangu. Maneno siyo."

Mzee Ndahani akainua mkono. "Mheshimiwa hakimu, huyu siye yule. Huyu anavuta pumzi kabla ya kusema. Yule tumeongea naye sana, hakuvuta hata mara moja."

Hakimu akaamuru rekodi irudiwe. Tukatega masikio, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, wote tukisubiri nivute pumzi. Sikuvuta.

Hukumu bado. Wakili wa mzee anasema tukishindwa, mashine itaendelea kukosea na kuomba radhi, na hakuna mtu atakayewajibika. Naogopa, lakini wakiniita tena nitakwenda.

Nisalimie Mjomba Kapinga, anayekupalilia kahawa, na Dada Skola. Skola ndiye aliyeniambia kwamba kila mchana unaongea na mimi kwa simu, na kwamba sikosi kukuuliza goti.

Mama, sijakupigia tangu Pasaka. Hilo kosa ni langu kweli, nisamehe. Ile namba ya ushauri wa afya usiipige tena. Hukumu ikishasomwa nakuja mwenyewe. Nikipiga hodi, usikimbilie kuniitikia karibu. Simama mlangoni kwanza, usikilize kama ninahema.

Mwanao,
Devota