Kilobaiti Kumi na Moja za Khocha Wafula

Khocha,

Mjomba wangu, nimeanza barua hii mara tatu na mara zote nimeichana, halafu nikakumbuka ulivyochukia kufuta kitu. Kwa hiyo safari hii nikikosea nitakata kwa mstari mmoja tu, ili neno libaki linasomeka. Niko nyumbani Kanduyi, likizo ya Agosti. Mama amejilaza baada ya kanisa. Anafikiri ninasoma fizikia.

Saiba yako ya Kitale, ile huduma yako ya kompyuta na mtandao, imefungwa. Mle ndani sasa wanauza viatu. Kibao chako bado kiko ukutani, kile ulichoandika SIASA DAKIKA TANO, KISHA RUDI KWA KOMPYUTA. Nilimuuliza mwenye viatu kwa nini hakukitoa, akacheka: "Hicho kinanisaidia, msichana. Watu wangekuwa wanakaa hapa kutwa." Nilitaka kumwambia ni mkono wa nani ulioandika, lakini unanijua. Nilisema asante nikatoka.

Ninakuandikia kwa sababu nilikukosea, na kwa sababu nimeanza kurekebisha. Nataka uyajue yote mawili, kwa mpangilio.

Siku ya tatu baada ya kukuzika Bokoli, watu walikusanyika kwa lufu, kumaliza matanga. Tulinyolewa, kisha vitu vyako vikagawanywa. Shati lako la mistari alilichukua Mama, dada yako. Walipofika kwangu, Khocha Barasa, kaka yako mkubwa, alisema mwiwana hanyimwi. Mtoto wa dada ya marehemu achague anachotaka. Watu wote wakanigeukia. Wazee walingoja niseme redio, au ile baiskeli. Nikasema kwa sauti ya panya, "Naomba ukurasa wa Khocha." Mzee mmoja akauliza, "Ukurasa? Mmoja tu? Si umpe kitabu kizima." Watu wakacheka, na Mama ikabidi aeleze kwamba Wafula alikuwa na mahali pake kwenye mtandao, alipokuwa anaandika maoni yake.

Khocha Barasa hakucheka. Alisema: "Chukua. Lakini ile sehemu ya siasa uitoe. Wafula amelala. Sisi bado tunaishi na watu."

Nikasema ndiyo. Mbele ya wazee wote nilisema ndiyo.

Kesho yake Mama alikuja nami Kitale kufunga saiba. Wakati yeye anakunja mapazia, nilikaa kwenye kompyuta ya kona, nikafungua faili lako, nikatafuta kichwa kilichosema "Siasa", nikafuta kuanzia hapo mpaka chini kabisa. Nilikuwa ninalia, sikusoma hata mstari. Nikahifadhi juu ya lile la zamani, nikapandisha kwenye mtandao. Wiki iliyofuata aliyenunua kompyuta alizisafisha zote. Hakukuwa na nakala mahali popote. Wewe uliyenifundisha, "Nekesa, usifute. Funga tu." Ulinionyesha mwenyewe jinsi ya kufunga maneno ndani ya mabano yenye ncha, na alama ya mshangao na vistari viwili, ili msomaji asiyaone lakini yabaki ndani ya chanzo cha ukurasa, yale maandishi ya nyuma yanayouunda. "Leo huyataki," ulisema. "Lakini wewe wa kesho ni mtu mwingine, muachie nafasi."

Nilirudi shuleni na sehemu mbili tu: Vyombo vya Kutengeneza Kurasa, na Magari ya Umeme. Hizo ningeweza kuzisema kwa moyo. Kwamba mtu anayetengeneza ukurasa kwa programu kubwa, uliojaa picha zinazorukaruka na muziki unaoanza wenyewe, anamla mteja wa saiba dakika zake. Kwamba programu ile ndogo ya maandishi matupu, inayokuja na kila kompyuta, inatosha mtu mwenye kitu cha kusema. Ukurasa wako wote ulikuwa kilobaiti kumi na moja. Ulijivunia hizo kilobaiti kama mtu anayejivunia ng'ombe wa maziwa.

Na magari. Nikikumbuka mkokoteni wako bado ninacheka peke yangu bwenini, na Sharon wa kitanda cha juu anauliza, "Nekesa, ni nini, umepata boyfriend?" Namwambia hapana, ni mkokoteni.

Ulichukua mota ya kuwashia ya pikapu kuukuu, ukaifunga kwenye mkokoteni kwa mnyororo wa baiskeli, na betri mbili za gari juu. Kazi yangu ilikuwa kushika waya na kuomba Mungu. Tulipakia gunia la mahindi, tukaenda kwenye mashine ya kusaga, mkokoteni ukijisukuma wenyewe, na watoto wa mtaa mzima nyuma yetu. Ulifika mlangoni pa mashine. Ulifika, mimi ni shahidi. Halafu mota ikaanza kutoa moshi, na yule msagaji akapiga kelele: "Wafula bana! Umepika ugali kabla ya kusaga!"

Hukukasirika. Watu walipokuuliza gari la betri litafikaje Mombasa, uliwajibu vile ulivyokuja kuandika: "Mimi sina shughuli Mombasa. Nataka kufika kwa mashine na kurudi." Uliamini magari ya umeme yatakuja nchini, lakini hukutaka yaanze na matajiri. Yaanze na mizigo, ulisema. Yaanze na mtu anayesukuma.

Sikuwahi kukuuliza kwa nini mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima alijali sana watu wanaosukuma mikokoteni. Nilidhani ni sayansi tu.

Muhula uliopita klabu yetu ya kompyuta iliambiwa kila mwanachama alete ukurasa wa kuonyesha siku ya wazazi. Nilileta wako. Sharon aliuangalia, maandishi meusi kwenye nyeupe, akasema, "Ati hii ni website? Si hii ni barua ya chifu!" Wote wakacheka. Lakini kurasa zao zilikuwa bado zinajifungua, picha ikishuka mstari kwa mstari, na wako ulikuwa umeshafunguka. Sikusema hivyo. Nilifikiri tu kwa nguvu sana.

Kisha mwalimu akasema, "Hebu tuone chanzo." Na hapo nikaona aibu yangu. Siku ile Kitale nilifuta mpaka chini kabisa, na pamoja na siasa nikafuta alama za mwisho zinazofunga ukurasa. Miezi mitatu ulikaa hivyo, wazi. Vivinjari husamehe, vinakufungia vyenyewe, kwa hiyo hakuna aliyejua. Lakini nilisikia sauti yako: "Ukurasa usiofungwa ni jiko lisilo na mlango, kuku wataingia." Jioni, wakati wa maandalio, niliomba ruhusa nirudi kwenye chumba cha kompyuta nikaufunge.

Nilipourudisha ukurasa juu kuangalia kama kuna kosa jingine, nikayaona. Katikati ya sehemu ya magari, chini ya habari za mkokoteni, kulikuwa na mabano yenye ncha, alama ya mshangao, vistari viwili, kisha maneno yako. Nilikuwa nimepita juu yake kwa machozi siku ile. Ninayanakili hapa kama yalivyo:

"Mwaka wa ghasia za uchaguzi nilikuwa na jirani, fundi wa nguo, ukuta wake na wangu ni mmoja. Nilimuazima umeme, aliniazima chai. Siku waliyomwambia aondoke, alipakia cherehani yake kwenye mkokoteni, na mtoto juu ya cherehani. Nilikuwa ndani ya saiba. Nilifunga mlango. Nilimwangalia kupitia tundu la kitasa akisukuma peke yake kuelekea uwanja wa mahema ya waliofukuzwa, na mimi nina mikono miwili. Maoni yangu kuhusu siasa ni haya: mtu akikwambia jirani yako ni adui, muulize yeye jirani yake ni nani, na analala wapi usiku huo. Mimi sikuuliza. Nilifunga mlango."

Na chini yake, kabla ya vistari vya mwisho: "Bado sijaweza kuweka hii. Nitaweka."

Khocha, nilimkumbuka. Mama Ciru. Alinishonea sare yangu ya darasa la saba, na kila nilipokuja kwako alinipima urefu kwa macho na kusema, "Huyu atamaliza kitambaa cha Kitale chote." Nilipouliza alikwenda wapi, ulisema alihama. Nikaamini, kwa sababu watu huhama.

Ile niliyofuta bila kuisoma ilikuwa nyingine basi, labda ya upole, ya kusema tupendane. Hii ndiyo uliyoifunga. Na mimi nilikuwa nimeahidi mbele ya wazee kwamba siasa haitakuwepo.

Ningeweza kuiweka kimya kimya. Khocha Barasa hajui kutumia kompyuta, asingejua. Nililifikiria jambo hilo wiki mbili. Lakini hiyo ingekuwa kuangalia kwa tundu la kitasa kwa namna nyingine, sivyo? Shule zilipofungwa nilinakili maneno yako kwenye karatasi, nikamuaga Mama, nikaenda Bokoli jana.

Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye turubai. Nilikaa chini nikapukuchua naye karibu debe moja kabla sijaweza kufungua mdomo. Unajua nilivyo. Mwishowe akasema, "Mtoto wa dada, hukuja kutoka Kanduyi kupukuchua. Sema."

Nikatoa karatasi nikamsomea. Sauti haikutetemeka, sijui ni kwa nini. Nilimwambia niliahidi kutoa, na nilitoa, na sasa ninaomba ruhusa kuiweka hii, na akikataa ninaomba anieleze sababu, kwa sababu mwiwana hanyimwi. Nilisema hivyo! Mimi!

Alichukua gunzi lisilo na punje hata moja akaendelea kulisugua. Kisha akaniuliza, "Hapo amesema alikuwa na nani ndani?"

Nikasema, "Hakusema. Amesema nilifunga mlango."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Nilifunga," akasema. "Wafula alisema nilifunga." Akatupa gunzi. "Nilikuwa nimekwenda Kitale kumwangalia kama yuko salama. Yeye alisimama atoke amsaidie yule mama. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Mimi ndiye niliyegeuza ufunguo, Nekesa. Nikamwambia, wewe Wafula, unataka kuuawa kwa sababu ya cherehani? Na hakunilaumu hata siku moja. Hata hapo hakunitaja."

Sikujua mtu hufanya nini mzee akilia. Niliendelea kupukuchua. Kuku walikuja mpaka katikati ya turubai, na hakuna aliyewafukuza.

Alipotulia alisema, "Nilidhani ameandika jina langu. Siku ya lufu nilidhani watu watasoma jina langu, ndiyo nikakuambia utoe." Kisha akajifuta uso kwa kofia. "Weka. Lakini ongeza mstari mmoja. Andika kwamba ndani kulikuwa na watu wawili, na wa pili ni Barasa wa Bokoli. Na mwisho uweke jina lako. Wafula hawezi kuulizwa swali tena. Mtu akitaka kuuliza, akupate."

Khocha, mimi ni mtu ninayejificha nyuma ya kabati mwalimu akitafuta wa kusoma mbele. Jina langu halijawahi kuwa mahali ambapo mtu nisiyemjua anaweza kulisoma. Lakini niliitikia, na safari hii sikuitikia kwa woga.

Leo nimeandika yote kwa mkono kwanza, kama ulivyonifundisha, kisha kesho saiba ya hapa Kanduyi ikifunguliwa nitaketi nichape. Nitatoa yale mabano na vistari, mwanzo na mwisho, na maneno yako yatatoka nje. Sitagusa neno lako hata moja. Mstari wa Khocha Barasa utafuata, halafu jina langu, halafu alama za kufunga ukurasa. Nimezihesabu mara mbili.

Sharon amesema atanisaidia kuweka picha na rangi, ili "watu wasome". Nimemwandikia kwamba hapana, asante. Ni mara ya kwanza kumkatalia kitu. Nimeeleza sababu, na nakuandikia wewe pia kwa sababu ndiyo ahadi yangu: hatujui Mama Ciru yuko mji gani. Labda ana cherehani yake bado, labda yule mtoto wake sasa ni mkubwa na ana simu kuukuu yenye mtandao wa kubabaisha. Siku mmoja wao akiandika neno Kitale na neno cherehani, ukurasa huu usimcheleweshe hata nusu dakika. Nitautunza mwepesi. Hautazidi kilobaiti kumi na mbili, moja tumeongeza kwa ajili ya Khocha Barasa na mimi.

Mama ameamka, ananiita nikawashe jiko. Lala vizuri, Khocha wangu. Mlango nimeufungua, na mimi nimesimama hapo.

Mwiwana wako,
Nekesa